NANI AMESHIKA MPINI? Mpango Mkuu wa Kampuni za Mataifa Mengi na Kazi ya Chama

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa matawi siku ya mafunzo ya chama. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wajumbe wenyewe, ili isomwe katika mikutano ya matawi. Ukimaliza kuisoma, mpe mwenzako.)



Tumepewa saa moja kusema juu ya jambo ambalo si la kawaida katika mikutano yetu. Tumezoea kusema habari za mshahara, saa za kazi, nyumba, likizo na matibabu. Hayo ndiyo chakula cha chama, na hatutayaacha. Lakini leo twataka kupanda ngazi moja, tutazame mahali ambapo mambo hayo hukatwa kabla hayajafika mezani petu.

Kila mjumbe aliyewahi kujadiliana na kampuni kubwa ya kigeni ameyasikia maneno haya: "Neno lenu nimelisikia, nitalipeleka juu." Meneja asemaye hivyo si mwongo. Mwisho wa amri yake ni pale. Je, huko juu ni wapi? Ni nani aliyekaa huko? Anapima nini anaposema ndiyo au la? Hayo ndiyo maswali yetu ya leo.

Mwaka 1962, nchi yetu ilipokuwa inakaribia Uhuru, Serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano Kazini. Pande zilikuwa tatu, na kila upande ulimwona mwenzake kwa macho. Mkataba ule ulitegemea kwamba mwajiri aliye mezani ndiye mwenye kauli. Katika kampuni za mataifa mengi mara nyingi sivyo ilivyo. Upo upande wa nne, nao hauna kiti chumbani. Sisi tumeshika makali, meneja amesimama katikati, na mpini uko mbali.

MPANGO MKUU NI KITU GANI?

Kampuni ya mataifa mengi si kampuni moja, ni ukoo wa kampuni. Iko moja iliyo mama, yenye makao London, New York, Tokyo au kwingineko. Chini yake wako watoto wengi, kila mmoja ameandikishwa katika nchi aliyomo, ana jina lake, wakurugenzi wake na hesabu zake. Kwa sheria kila mtoto ni mtu mbali. Kwa kazi, wote hufuata shauri moja. Shauri hilo ndilo mpango mkuu, ambao siku hizi huitwa mkakati.

Mpango mkuu hujibu maswali manne. Kwanza, tufanye biashara gani na tuache ipi? Pili, tuifanye katika nchi gani, na kiwanda kipi kiendelee, kipi kifungwe? Tatu, kazi gani tuifanye wenyewe, na ipi tuwanunulie wengine? Nne, fedha zikipatikana ziende wapi: katika mashine mpya, katika matangazo, katika kulipa madeni, au katika mifuko ya wenye hisa?

Tazameni vema, ndugu. Katika maswali hayo manne hakuna swali lisemalo, "Mchumaji wa chai apate shilingi ngapi?" Mshahara wetu ni kama maji ya mwisho wa mfereji; hufika yaliyobaki. Wakubwa wakiisha kujibu yao, meneja wa hapa hupewa fungu lake: fedha kiasi hiki, watu kiasi hiki, na faida kiasi hiki irudishwe mwisho wa mwaka. Naye huja kwenye majadiliano na fungu hilo limekwisha kufungwa.

Hatusemi kuwa kupanga ni dhambi. Chama kisichopanga nacho hufa. Wala hatusemi kampuni za kigeni zifukuzwe, kwa maana tunajua kwamba baadhi yao zimejenga nyumba, hospitali na shule katika mashamba, na wako waajiri wa papa hapa ambao hata kima cha chini cha mshahara hawakitimizi. Twasema hivi tu: mtu akipanga maisha yako, ni haki yako kuujua mpango wake.

HABARI YA CHAI YA KERICHO

Maneno matupu hayafundishi. Na tuchukue mfano mmoja ambao wengi wenu mnaujua kwa mikono yenu.

Brooke Bond ilianza kama duka la chai mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1869. Katika miaka ya 1920 iliingia Kenya ikapanda chai Kericho. Mpango wake ulikuwa wazi: kuwa na shamba, kuwa na kiwanda, na kuwa na jina ambalo mama wa nyumba Mwingereza hulitaja dukani. Kutoka kwenye kichaka mpaka kikombeni, mkono ulikuwa mmoja.

Mwaka 1984 Unilever, kampuni ya Waingereza na Waholanzi, ikainunua Brooke Bond nzima. Unilever haikuwa mgeni hapa. Tangu miaka ya 1950 ilikuwa ndani ya East Africa Industries pale Nairobi, waliotutengenezea siagi ya Blue Band. Kwa hiyo mchumaji wa Kericho na mfanya kazi wa kiwanda cha Nairobi wakawa watoto wa mama mmoja, ingawa wengi wao hawakujua. Shauri la siku zile lilikuwa kwamba kampuni kubwa ishike vitu vingi vya kuliwa, kunywewa na kufulia.

Sasa sikilizeni namna upepo ulivyogeuka. Mwezi wa Februari 2017 kampuni ya Marekani, Kraft Heinz, ilitaka kuinunua Unilever yote kwa dola karibu bilioni 143. Unilever ilikataa, na kwa siku chache jambo likaisha. Lakini halikuisha kweli. Wakubwa wa Unilever waliona kwamba wenye hisa wasiporidhishwa, mnunuzi mwingine atakuja. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule waliwaahidi wenye hisa kwamba faida katika kila 100 ya mauzo itapandishwa ifike 20 kabla ya mwaka 2020 kwisha. Tena walitangaza kwamba biashara ya siagi za mimea itaondolewa. Mwaka 2018 ikauzwa kwa mfuko wa uwekezaji wa Marekani uitwao KKR, na Blue Band yetu ikaenda pamoja nayo.

Baada ya siagi ikaja zamu ya chai. Januari 2020 Unilever ilisema inaipima upya biashara yake ya chai. Sababu iliyotolewa ni kwamba katika nchi tajiri watu hawaongezi kunywa chai nyeusi. Wanapenda vinywaji vya majani mengine, kwa hiyo biashara haikui upesi. Angalieni: hawakusema inapata hasara. Mwaka 2020 biashara ile iliuza vitu vya yuro karibu bilioni 2. Kosa lake lilikuwa kukua polepole.

Novemba 2021 likatoka tangazo kwamba chai imeuzwa kwa mfuko mwingine wa uwekezaji, CVC, kwa yuro bilioni 4.5. Unilever ilijibakizia chai ya India, Nepal na Indonesia, pamoja na sehemu yake katika chai ya chupa inayouzwa kwa ushirika na Pepsi. Kenya haikubakizwa. Mauzo yalikamilika Julai 2022. Kampuni ikaitwa Ekaterra, halafu Lipton Teas and Infusions. Mei 2024 mwenye mali huyo mpya akatangaza kuyauza mashamba ya Kenya, Tanzania na Rwanda kwa Browns Investments ya Sri Lanka, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imefanya mapatano ya kununua mashamba ya jirani yake, James Finlay.

Katika miaka 40, kutoka 1984 mpaka 2024, mchumaji mmoja wa chai aliweza kuona juu ya karatasi yake ya mshahara majina Brooke Bond, Unilever, Ekaterra na Lipton, na la tano lilikuwa njiani. Kichaka ni kile kile. Kikapu ni kile kile. Mvua ya Kericho ni ile ile. Hakuna hata jina moja kati ya hayo lililobadilishwa kwa sababu ya jambo alilolifanya mchumaji, jema au baya.

MAFUNZO MATATU YA HABARI HII

Fundisho la kwanza ni kwamba kazi nzuri peke yake si ngao. Mara nyingi tunaambiwa, "Fanyeni kazi kwa bidii, kampuni isitawi, na ninyi mtastawi." Bidii ni heshima ya mtu, na hatutawafundisha watu uvivu. Lakini chai ya Kericho ilikuwa nzuri siku ya kununuliwa, na ilikuwa nzuri siku ya kuuzwa. Kilichobadilika ni hesabu ya watu ambao hawajapata kuona kichaka cha chai.

Fundisho la pili ni aina ya mwenye mali. Kampuni kama Unilever huuza sabuni na chai miaka na miaka. Mfuko wa uwekezaji una desturi nyingine. Hukusanya fedha za matajiri, za mabenki, na hata akiba za uzeeni za wafanya kazi wa Ulaya na Marekani. Huongeza mkopo juu yake. Hununua kampuni, huitengeneza na kupunguza gharama, kisha huiuza baada ya miaka michache. Mwajiri wa namna hii anapoingia tu, ujue tayari anafikiri juu ya siku ya kutoka. Mapatano ya mwaka mmoja mmoja hayatoshi mbele yake.

Fundisho la tatu ndilo kubwa. Mtazameni mwenye mali alivyoondoka: ameuza udongo, vichaka, viwanda, nyumba na watu, akabaki na jina Lipton na biashara ya kuuza chai duniani. Kwa nini? Kwa sababu shamba lina jua kali, lina mvua ya mawe, lina wafanya kazi maelfu wenye chama, lina majirani wanaodai ardhi ya babu zao. Jina halina hayo. Jina halipatwi na ugonjwa, halina mtoto wa kupeleka shule. Kwa mpango wa siku hizi, thamani imewekwa katika jina, na taabu imewekwa katika shamba. Aliyebaki na shamba atauza chai yake kwa bei ya mnada wa Mombasa, au kwa bei atakayopatana na mwenye jina. Nasi tutajadiliana mshahara na huyu aliyebaki na taabu.

FAIDA HUONEKANA WAPI?

Mara kwa mara tukidai nyongeza tunaonyeshwa hesabu za mwaka: "Tazameni, hapa hatukupata kitu." Yafaa mjue kwamba ndani ya ukoo wa kampuni, ndugu huuziana vitu. Bei wanayouziana huamuliwa na ukoo wenyewe.

Tuseme, kwa mfano tu, kampuni ya hapa inatumia shilingi 80 kutengeneza kitu. Inamwuzia ndugu yake wa ng'ambo kwa 85. Ndugu yule anakiuza sokoni kwa 200. Hesabu ya hapa itaonyesha faida ya shilingi 5. Ng'ambo, hata baada ya gharama zake, faida itakuwa kubwa. Ongeza juu yake ada ya kutumia jina, ada ya uongozi, na riba ya mkopo aliotoa mama. Mfanya kazi akiulizia fedha, ataonyeshwa zile shilingi 5.

Jambo hili limefika mahakamani hapa hapa Nairobi. Mtoza kodi alidai kwamba Unilever Kenya iliiuzia Unilever Uganda bidhaa katika miaka ya 1995 na 1996 kwa bei iliyo chini ya ile ya kuuzia wengine hapa nchini. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliamua kwa upande wa kampuni, ikisema kwamba Kenya haikuwa na kanuni zake za kupima bei za namna hiyo, na kwamba kampuni ilikuwa na haki kufuata kanuni zinazotumiwa na nchi tajiri. Mwaka uliofuata, 2006, Serikali ikatoa kanuni zetu. Hatulitaji jambo hili ili kumwita mtu mwizi. Mahakama ilikwisha kusema. Twalitaja ili mjue kwamba hata Serikali, yenye wahasibu na wanasheria wake, iliona taabu kujua faida iko wapi. Basi mjumbe wa chama asione haya kuuliza.

AMRI HUSHUKA, LAWAMA HAIPANDI

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mashamba ya chai ya Kericho yalivamiwa. Wafanya kazi waliuawa, wengine walijeruhiwa na kunyang'anywa mali zao. Baadaye watu zaidi ya 200, wafanya kazi na jamaa zao, walifungua kesi London. Walisema kampuni mama na kampuni ya Kenya zilipaswa kuiona hatari na kuwakinga. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa dai lao juu ya kampuni mama. Ilisema kwamba kampuni ya Kenya ndiyo iliyojipangia yenyewe mambo ya usalama, na mama hakuwa amejitwalia kazi hiyo.

Pimeni neno hilo. Linapokuja swali la shamba kuuzwa, kauli ni ya mama. Linapokuja swali la damu ya mchumaji, mtoto anajitegemea.

Lakini mlango haukufungwa kabisa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanakijiji wa Zambia kuishtaki kule kule kampuni ya Vedanta kwa ajili ya maji yao yaliyochafuliwa na mgodi wa shaba, kwa kuwa kampuni mama yenyewe ilikuwa imeandika na kutangaza kwamba yasimamia mambo hayo. Kwa hiyo kila kitabu cha kanuni, kila barua na kila tangazo lililobandikwa ukutani lenye jina la kampuni mama ni ushahidi. Lisichanwe. Liwekwe.

MASHINE, NA KIWANDA CHA JIRANI

Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho watu wenye hasira walichoma mashine kadhaa za kuchuma chai, na watu waliumia. Hasira yao twaielewa. Mashine moja na watu wachache huchukua kazi ya wengi, na mji mzima hula kwa mshahara wa wachumaji. Lakini tuambiane ukweli. Moto unachoma chuma, hauchomi mpango. Mashine inapofika shambani, uamuzi wake umekwisha kuwa mzee: ulipigiwa hesabu, ukatengewa fedha, ukaagizwa. Wakati wa chama kuingia ni ule wa hesabu. Hapo ndipo pa kuuliza: ngapi, lini, wapi kwanza, nani atafundishwa kuziendesha, nani ataondoka kwa hiari na kwa malipo gani?

Tena tusifurahie mali ya jirani. Kiwanda cha sigara cha British American Tobacco kilianza Jinja mwaka 1928. Katikati ya miaka ya 2000 utengenezaji wa sigara Uganda ulikomeshwa, na kazi ikahamishiwa Nairobi. Wako waliosema, "Afadhali sisi." Mwaka 2014 Cadbury ikafunga kiwanda chake cha Nairobi, na bidhaa zikaanza kuletwa kutoka viwanda vya nje, ikiwemo Misri. Ni hesabu ile ile: kiwanda kikubwa kimoja badala ya vidogo vitatu, na mipaka imefunguliwa na mapatano ya biashara. Jana ilitufaa, leo imetudhuru. Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe zako tia maji.

SHERIA INATUPA NINI?

Hatuko mikono mitupu. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya chama, ya majadiliano na ya kugoma.

Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya 2007, kifungu cha 57, yasema mwajiri lazima akipe chama habari zote zinazohusika, ili chama kiweze kujadiliana vizuri. Matawi mengi hayajapata kulitumia neno hilo. Linataka barua tu, yenye tarehe, na nakala katika jalada.

Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 40, yasema watu wakitaka kupunguzwa, chama na afisa wa kazi wapewe habari si chini ya mwezi mmoja kabla, pamoja na sababu na idadi. Na kila aliyepunguzwa alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima alioutumikia.

Hapa pana shimo, ndugu, na twawaomba msikilize. Kuna njia mbili za kuuza kampuni. Njia ya kwanza ni kuuza hisa. Hapo mwajiri wako kwa sheria ni yule yule. Waliobadilika ni wenye hisa na jina la mlangoni. Miaka yako haikatiki. Njia ya pili ni kuuza mali: ardhi, kiwanda, mashine. Hapo mwajiri ni mwingine kabisa, na Sheria yetu ya Kazi haina kifungu kinachokuhamisha wewe na miaka yako moja kwa moja. Mtu mwenye miaka 20 ana haki ya siku 300 za mshahara akipunguzwa. Akiingizwa kwa mnunuzi kama mtu mpya, bila kulipwa na bila maandishi, ameanza kuhesabu tena tangu moja. Kwa hiyo swali la kwanza siku ya kusikia uvumi wa mauzo ni hili: "Mwauza hisa, au mwauza mali?"

KAZI YA MATAWI

Twamaliza kwa mambo ya kutenda, kwa maana hotuba isiyozaa kazi ni kelele.

1. Kila tawi lifungue jalada la mwenye mali. Kampuni nyingi kubwa ambazo hisa zao huuzwa sokoni hutoa kitabu cha mwaka, tena wazi kwa kila mtu. Ndani yake mna mpango mkuu umeandikwa kwa fahari, kwa sababu unaandikiwa wenye hisa. Kijana wa tawi anayejua Kiingereza akisome, awaeleze wenziwe. Maneno kama "tunapima upya biashara hii" ni mawingu ya mvua. Kericho mawingu yalionekana Januari 2020. Mvua ikanyesha Novemba 2021. Ilikuwa karibu miaka miwili ya kujitayarisha.

2. Katika kila majadiliano pawe na maswali haya, kwa barua: Mwenye kampuni hii ni nani leo? Mnawauzia ndugu zenu kwa bei gani? Ada gani mwalipa ng'ambo? Mashine gani zitaletwa katika miaka mitatu ijayo? Na wewe uliye mezani, una ruhusa ya kuamua mpaka kiasi gani?

3. Mapatano ya pamoja yawe na vifungu vya mauzo na vya mashine. Cha kwanza kiseme kwamba chama kitapewa habari kabla ya kampuni au shamba kuuzwa. Cha pili, kwamba mnunuzi atachukua wafanya kazi pamoja na miaka yao, au muuzaji atawalipa haki zao zote kabla ya kuondoka. Cha tatu, kwamba nyumba za wafanya kazi, malimbikizo ya likizo na kiinua mgongo havitaguswa na mauzo. Cha nne, kwamba mashine mpya zitajadiliwa kabla ya kuagizwa. Mapatano hayo yaandikishwe katika Mahakama ya Kazi, yapate nguvu.

4. Tuwe tayari wakati wa mauzo. Browns iliponunua mashamba ya Finlay, ilitangazwa kwamba 15 kwa mia ya hisa zitauziwa chama cha ushirika cha Wakipsigis. Yaani siku ya kuuza, mwenye mali hutaka amani na saini za watu, na mlango hufunguka kidogo. Aliyejitayarisha huingia. Aliyelala hukuta umefungwa.

5. Tufunge urafiki na wenzetu wa nchi nyingine. Mama akiwa mmoja, watoto wajuane. Muungano wa kimataifa wa vyama vya wafanya kazi wa chakula na mashamba, IUF, uko Geneva, na ulianzishwa mwaka 1920. Mjumbe wa hapa aweza kupata habari kutoka kwa mwenzake aliye mlangoni pa makao makuu. Tena Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa Azimio juu ya kampuni za mataifa mengi mwaka 1977. Lasema kampuni zitoe habari mapema zikitaka kubadili kazi zao, na kwamba wafanya kazi wajadiliane na wakubwa wenye ruhusa ya kuamua. Azimio si sheria ya kumfunga mtu. Lakini Serikali na waajiri walilikubali pamoja na vyama, na kampuni inayojisifu mbele ya wateja wake yaona aibu kulikana.

Ndugu wajumbe, mtu aweza kusema, "Hayo ni mambo ya wakubwa wenye elimu, sisi ni wachumaji na watu wa mashine." Twamjibu hivi: mpango mkuu umeandikwa na watu wanaoamka na kulala kama sisi. Wanajua bei ya saa yetu moja ya kazi. Basi na sisi tujue bei waliyotuuzia. Hatutaupata mpini wote kwa siku moja. Lakini anayejua kisu kinatoka wapi hukinga mkono wake mapema, na watu elfu wakikinga pamoja, mwenye kisu hulazimika kusema nao.

Kabla ya mkutano wa mwezi ujao kila tawi lilete karatasi moja yenye majibu matatu: kampuni yetu ni ya nani, makao yake makuu yako wapi, na mapatano yetu yanasema nini juu ya kuuzwa. Tawi litakalokuta kwamba hayasemi kitu, lije na kifungu kimeandikwa tayari.

Umoja ni nguvu.